Njia Iliyohamia kwa Jirani

Nyumba yangu ya Goba, jijini Dar es Salaam, imekaa kwenye mteremko, na kutoka barabarani hadi kibarazani kuna hatua kama 30 za udongo ambao wakati wa kiangazi ni vumbi na wakati wa masika ni uji. Nilipoarifiwa kwamba baba mkwe angekuja kututembelea, niliamua kuitengeneza njia hiyo. Fundi alinishauri tuchimbe nusu futi, tushindilie moramu, kisha tumwage kokoto za Lugoba, zile zilizopondwa na zenye kona kali. Mimi nikamjibu kwamba kona zitaharibu viatu vya wageni. Nikaagiza lori zima la kokoto za mtoni, nyeupe na za mviringo kama mayai ya njiwa, zikamwagwa juu ya udongo uleule, na mtaro sikuuona kuwa na kazi.

Kwa siku 4 njia ilipendeza kiasi kwamba usiku nilitoka na tochi kwenda kuitazama.

Siku ya 5 mvua ilinyesha alfajiri, na baba mkwe, mstaafu aliyejenga barabara maisha yake yote (jambo ambalo fundi angefurahi kulijua), akawasili saa nne. Gari lake dogo lilipanda kidogo, magurudumu yakaanza kuzunguka pale pale huku kokoto zikirukia bati la jirani, kisha likarudi kinyumenyume, polepole na kwa heshima zote, hadi katikati ya migomba.

"Shikamoo, baba," nilisema dirishani, kwa kukosa neno lingine.

"Marahaba, mwanangu." Alishuka, akaokota kokoto moja na kuizungusha kiganjani. "Hii ni gololi. Jiwe lenye kona hushikana na mwenzake. Hili kila moja lina safari yake."

Usiku ule mvua ilizisafirisha: nusu zilizama udongoni, nusu zikateremka kwa jirani. Asubuhi watoto wa jirani walizileta mlangoni, ndoo moja shilingi 1,000, nami kwa aibu ya mkwe nikanunua ndoo 14 za mali yangu mwenyewe.

Baba mkwe aliongeza wiki 2 ili asimamie kazi upya, kuanzia kuchimba na kushindilia hadi kuinua mgongo katikati ili maji yaende mtaroni. Sasa lori linapita. Jirani pekee ndiye asiyeridhika: juzi aliniuliza nitaleta lini shehena nyingine, kwani uani kwake kumebaki pembe moja.