Wachukuzi na Askari wa Keya: Fedha, Jiwe au Jina?

Mzigo wa mchukuzi katika Vita Kuu ya Kwanza ulikuwa kilo 25 hivi, na posho yake ilikuwa chini kidogo ya kilo moja ya unga kwa siku. Mpakie unga mtupu, mtume mwendo wa siku kumi kwenda na kumi kurudi, na atakuwa amekula kilo 18 za mzigo wake mwenyewe. Zinazomfikia askari aliye mbele ni 7, naye atazimaliza kwa wiki moja. Kwa kuwa mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu, na magari yalikwama matopeni masika yalipoanza, Waingereza walikusanya wachukuzi na vibarua wapatao milioni moja ili kumwandama Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, kutoka mpaka wa Taveta hadi Msumbiji na kurudi. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Risasi iliua wachache. Kuhara kwenyewe mara nyingi kulitokana na mahindi yasiyosagwa, yaliyopikwa nusu kwa sababu kuni zililowa na msafara ulikuwa unaondoka alfajiri.

Hesabu hiyo ya unga inapaswa kutangulia mjadala wowote kuhusu heshima ya watu hawa. Watu huzungumza kama kwamba mchukuzi alikuwa msaidizi wa pembeni. Bila yeye vita ile isingekwenda hata wiki mbili.

Mjadala wenyewe ulipamba moto mwaka 2021. Aprili ya mwaka huo, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba marehemu kati ya 45,000 na 54,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Wahindi na Waafrika, hawakukumbukwa sawa na wenzao wa Kizungu. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa jina popote au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Mwaka 2023 Mfalme Charles alifika kwenye makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, na kuwapa askari wazee wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) waliopigana Vita Kuu ya Pili medali mpya badala ya zile zilizopotea. Tangu hapo husikika kauli tatu: walipwe fedha, yaandikwe majina, na ya tatu, kwamba tusiwaenzi kabisa kwa kuwa vita ile haikuwa yetu.

Tuanze na ya tatu, maana ikishinda hiyo, nyingine mbili hazina kazi.

Kauli hiyo ina uzito. Askari wa Wajerumani ndio waliozima Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907, na njaa waliyoiacha nyuma iliua watu wengi kuliko bunduki. Askari wa Keya walitumwa misitu ya Aberdare na Mlima Kenya kuwasaka Mau Mau. Familia iliyofiwa kwa mikono hiyo haidaiwi makofi na mtu yeyote. Lakini mchukuzi ni habari nyingine. Kenya ilipitisha sheria ya kuwakusanya kwa lazima mwaka 1915. Mwaka 1917 ukaja msako mkubwa ambapo chifu alipewa idadi tu, na jinsi ya kuitimiza ikawa shauri lake. Mshahara ulishushwa hadi rupia 5 au 6 kwa mwezi. Aliyechukuliwa namna hiyo hakuchagua upande, na kumwita kibaraka ni kumwonea mara ya pili.

Hata askari wa Vita Kuu ya Pili hawaingii kwenye kapu moja. Waruhiu Itote alipigana Burma ndani ya Keya, kisha akawa Jenerali China wa Mau Mau. Bildad Kaggia naye alivaa sare ya jeshi la Waingereza kabla ya kuhukumiwa kifungo Kapenguria katika kesi ya Mau Mau. Mtu anaweza kushukuriwa kwa kazi aliyoifanya na maumivu aliyoyabeba, bila mshukuruji kuitakasa vita yenyewe. Hapo mimi sioni mgongano.

Tena, kutotambuliwa kwao hakukutokana na usahaulifu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya Kenya iliwagawia Wazungu waliorudi vitani mashamba, mengine yakimegwa kwenye ardhi ya Wanandi, watu waliotoa askari wengi. Mwafrika aliyerudi kutoka vita hiyohiyo alifungwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha kikoloni. Tume ya makaburi, iliyoundwa 1917, ilikuwa na kanuni ya kumkumbuka kila marehemu kwa jina bila kujali cheo, rangi wala dini. Afrika Mashariki kanuni hiyo iliwekwa kando: Mzungu akapata jiwe lake, na makaburi ya wachukuzi yakaachwa yamezwe na pori. Sanamu ya askari ya Dar es Salaam ya 1927, na zile za Nairobi zilizofuata, ndizo zilizokusudiwa kuziba pengo. Maandishi yake yanawataja wachukuzi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halijaandikwa hata moja.

Sasa fedha. Wanaodai fedha wana ushahidi mzito zaidi kwa upande wa Vita Kuu ya Pili. Kiinua mgongo cha vita kilipangwa kwa cheo, muda wa utumishi na rangi ya ngozi, na nyaraka zilizoibuliwa mwaka 2019 zilionyesha Mwafrika wa cheo cha chini akipata takribani theluthi moja ya alichopata Mzungu wa cheo hichohicho aliyeishi koloni moja naye. Wengi walipewa malipo hayo ya mara moja na kuachwa bila pensheni. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa miaka mitano, kwa askari wa zamani na wajane wapatao 7,000 katika Jumuiya ya Madola, lengo likiwa wapate milo miwili kwa siku. Gawanya mwenyewe: haifiki pauni moja kwa mtu kwa siku, hata kabla ya kutoa gharama za kuifikisha. Kwa bibi mjane ni msaada wa kweli, na ninaunga mkono kila shilingi yake. Lakini jina la malipo lina maana. Kilichotolewa ni sadaka, kinachodaiwa ni malimbikizo, na anayepokea sadaka hana haki ya kuuliza kwa nini imekatwa mwezi huu.

Ugumu wa upande huu ni wa hesabu na wa ushahidi. Aliyejiunga akiwa na miaka 18 mwaka 1945 sasa anakaribia miaka 100. Mchukuzi wa 1917 hayupo hata mmoja. Ukilipa kizazi, mtu mmoja mwenye watoto watatu, na kila mtoto watatu, kwa vizazi vinne tu amefikisha watu 120, kabla ya ugomvi wa nani mtoto halali na nani wa kambo. Ndiyo maana wengine hupendekeza zahanati au shule kwa kijiji kizima. Naliona pendekezo hilo kuwa la hatari: zahanati ni haki ya kijiji hata kama hakikutoa mchukuzi, na serikali ikiihesabu kama shukrani itakuwa imelipa madeni mawili kwa noti moja.

Ushahidi ndio unaoangusha madai mengi. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na vyeti, na ofisa wa malipo akampa kila mmoja fagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha, na hakuna aliyeshindwa. Ni kisa kinachopendwa sana, lakini kinaficha jambo. Askari alikuwa na gwaride la kuonyesha. Mchukuzi angeonyesha nini, kovu la begani? Wachukuzi wa Wajerumani hawakuwekwa kwenye foleni ile kabisa. Linganisha na kesi ya Mau Mau ya 2013, ambapo Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9: wadai walikuwa hai, waliandikwa mmoja mmoja, na nyaraka za kikoloni zilizofichwa Hanslope Park, Uingereza, zilipatikana. Palipo na jina na karatasi, dai linasimama.

Kwa hiyo wanaobeza mradi wa majina kwamba ni njia rahisi ya Uingereza kukwepa malipo wana haki ya kushuku, ila wamekosea mpangilio. Daftari la majina ndiyo hatua ya kwanza ya dai lolote, liwe la fedha au la jiwe. Na inawezekana: Januari 2025, Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa vibarua wa jeshi wa Afrika Kusini wenye majina 1,772, kila moja kwenye nguzo yake ya mbao. Watu hao kwa karne nzima walihesabiwa kama wasio na kumbukumbu.

Kazi yenyewe huharibika pale pale kila mara. Karani aliandika alichosikia: R ikawa L, Mw ikawa M, na mtu mmoja akaonekana kama watatu katika madaftari matatu. Wengi walitoa jina la uongo, wengine walibatizwa au kusilimu safarini na kurudi na jina jipya. Wilaya zimebadilika mipaka, hivyo kijiji kinachotafutwa Kenya kinaweza kuwa kiliandikwa chini ya Uganda. Tiba yake ni kutotafuta jina pekee. Tafuta mambo manne kwa pamoja: jina na matamshi yake yote, jina la baba, jina la chifu au jumbe aliyemtoa, na mwaka alioondoka. Jumbe mara nyingi ndiye anayefungua mlango, kwa kuwa idadi za watu zilidaiwa kwake na kumbukumbu za wilaya zinamtaja yeye. Madaftari ya ubatizo na ndoa ya misheni husaidia kuthibitisha baba.

Medali nazo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ile ya madini ya fedha ya Vita Kuu ya Kwanza huwa na namba, cheo na jina la askari kwenye ukingo: igeuze ubavu, tumia mwanga wa pembeni, wala usiisugue kwa majivu, maana herufi hufutika. Za Vita Kuu ya Pili zilizotolewa na Uingereza kwa kawaida hazikuandikwa jina, hivyo Nyota ya Burma iliyokutwa kwenye sanduku la bibi haithibitishi peke yake ilikuwa ya nani. Inahitaji kitabu cha kuachishwa jeshi chenye namba. Familia nyingi hazina vyote viwili. Wapo walioitupa medali wakati wa Hali ya Hatari, enzi ya Mau Mau, ili wasionekane watu wa serikali, wengine waliiuza kwa sonara.

Serikali za Dodoma na Nairobi zina sehemu yake hapa, na si ya kuidai London tu. Nyaraka za wilaya ziko kwenye hifadhi zetu za taifa, si zao, na karatasi za miaka ya 1910 hazisubiri. Daftari lifunguliwe kila wilaya, na wajukuu walioambiwa habari hizi na babu zao waandikishwe kwanza, kwa mashahidi wawili wa nyumba tofauti. Liwe na safu moja ambayo madaftari ya kikoloni hayakuwa nayo: "Hakurudi". Ajazwe humo kila aliyeondoka na jumbe wake anajulikana, hata kama haijulikani alifia Voi, Rufiji au njiani kuelekea Msumbiji, na jina lake likubaliwe kwenye ukumbusho kwa ushahidi huo.