Homare Sawa katundika daluga, mitandao haijamwachia

Homare Sawa, mwanasoka wa kike wa Japani, aliacha soka Desemba 2015, lakini kila Kombe la Dunia la Wanawake linapokaribia, kipande kifupi cha video yake huanza tena kuzunguka mitandaoni. Ni fainali ya 2011 mjini Frankfurt, dakika ya 117, Japani iko nyuma 2-1 mbele ya Marekani. Aya Miyama anachonga kona. Sawa anachomoka kuwahi mlingoti wa karibu na, goli likiwa mgongoni mwake, anauparaza mpira kwa nje ya mguu wa kulia. Unatinga wavuni. Japani ikashinda kwa penalti 3-1, na nahodha huyo wa miaka 32 akaondoka na kombe, ufungaji bora kwa mabao 5 na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano.

Wapo waliochoshwa na video hiyo, na hoja yao si nyepesi. WE League, ligi ya kulipwa ya wanawake nchini Japani, ilianza 2021 ikilenga wastani wa watazamaji 5,000 kwa mechi, na haikufika huko. Wanauliza mashabiki hao wote wa bao la zamani huwa wapi siku ya mechi. Tena Mjapani mwingine, Hinata Miyazawa, aliibuka mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 2023 kwa mabao 5 yaleyale, na hapohapo akaanza kupimwa kwa kivuli cha Sawa. Hilo linauma kweli.

Ila lawama inapelekwa kwa asiyehusika. Tazama namba moja: 7,196. Ndiyo idadi ya jumbe zilizotumwa Twitter kwa sekunde moja fainali ile ilipomalizika, rekodi ya mtandao huo kwa wakati ule. Rekodi iliyokuwepo, 6,939, ilitokana na salamu za mwaka mpya nchini Japani, yaani taifa zima likiandika kwa mpigo mmoja. Siku hiyohiyo ya fainali, Brazili na Paragwai, wanaume, walipigiana penalti kwenye Copa América, jumbe zikafika 7,166. Wanawake wakawapita. Na Japani kulikuwa alfajiri, miezi minne tu baada ya tsunami ya Machi 11. Rekodi haikudumu hata miezi miwili, sawa, lakini ilishaonyesha kwamba watu wapo, na ni wengi, pale wanapopewa cha kutazama.

Ndiyo maana naona makosa kumlaumu shabiki anayesambaza bao la Sawa. Kuelekea mashindano ya 2023, Wajapani walisubiri hadi ikabaki kama wiki moja ndipo NHK, shirika la utangazaji la umma, ikatangaza kwamba itayaonyesha. Miyazawa atajulikana vipi ikiwa kumwona tu ni bahati nasibu? Sawa alianza timu ya taifa akiwa na miaka 15, akafunga mabao 4 katika mechi ya kwanza, akacheza Kombe la Dunia mara 6 na kumaliza na mabao 83, sehemu kubwa ya safari hiyo ikiwa enzi ambazo soka la wanawake lilionekana kwa nadra kwenye televisheni. Mashabiki wanatunza kile walichobahatika kukiona. Wanaotaka Miyazawa naye asambazwe hivyo wawabane wenye haki za matangazo: mechi ziuzwe mapema, na mabao yawekwe mtandaoni bure usiku uleule yanapofungwa.