Sululu mgonjwa si wa kupakatwa

Jumapili iliyopita ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, nasi tulikuwa Kisakasaka, hapa Unguja, kutazama ndege wa pwani. Mwenzetu mmoja akamkuta sululu kajikunyata chini ya mkoko, kichwa kimemlegea. Kabla sijasema neno, ndege kashapakatwa. Akapita mkono hadi mkono, kila mtu na simu yake. Kisha akatiwa kwenye pakacha ili apelekwe nyumbani, akanyweshwe maji na uji. Nyumbani kwenyewe kuna kuku wasiopungua thelathini.

Nilimkataza kwa ukali mbele ya watu, na sijutii.

Mama mmoja aliyekuwa akichokoa kombe karibu yetu akatupigia kelele: "Wanangu, muwahini kwa kisu, asije akawa kibudu!" Hakukusudia ubaya. Sote tumelelewa hivyo. Kuku akianza kusinzia anawahiwa, na jioni ni mchuzi. Lakini hapo hasa ndipo hatari ilipo: mtu anayechinja na kunyonyoa ndege mwenye mafua ya ndege huwa uso wake uko juu ya damu, mavi na manyoya, na kirusi hakihitaji njia fupi kuliko hiyo.

Hii si hadithi ya mbali. Mwaka 2017 ndege wa mwituni walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, na mafua yakaonekana kwa bata na kuku wa kufugwa pia. Januari 2021, huko Djoudj, Senegal, walikufa kwa mafua hayo ndege aina ya mwari wapatao 750. Na sululu huyu wetu huzaliwa kaskazini kabisa, huko Urusi, akapumzika kwenye fukwe ngapi hata akafika Unguja?

Sisemi kwamba alikuwa na mafua. Nasema hakuna aliyejua. Shingo kupinda, kutetemeka, kuharisha: mdondo, ule ugonjwa wa kuku, hufanya hivyo, mafua hufanya hivyo, na sumu ya shambani inaweza kufanya hivyo. Darubini haitofautishi, ni maabara tu. Halafu tunamchukua ndege wa namna hiyo tukamtie uani, ambako kuku wa nyumba hii hulala kwao na kula kwa jirani! Jirani yangu ni mjane, daftari na sare za watoto wake zinatoka kwenye mayai. Huruma yetu kwa ndege mmoja isimfilisi yeye.

Paka nao wasisahaulike. H5N1, kirusi cha mafua ya ndege, huwaua, na mji wetu umejaa paka. Mzoga usitupiwe jaani.

Basi tukae mbali. Picha ipigwe kwa mbali, tuhesabu wangapi wagonjwa na wangapi wamekufa, tuandike mahali na saa, tumwambie sheha au bwana mifugo wa wilaya. Mikono kwa sabuni, maana sabuni huvunja ganda la mafuta la kirusi hiki. Na nyayo za viatu pia, tope la pwani limejaa mavi ya ndege.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba aliyenaswa na mshipi wa mvuvi ni habari nyingine. Huyo afunikwe kitambaa, mtu avae glavu, mshipi ukatwe, aachiwe palepale. Na wa Septemba anayesimama tu bila kukimbia huenda amechoka na safari. Mwacheni apumzike.

Tulimrudisha sululu kivulini. Bwana mifugo alifika saa kumi na ndoo yenye mfuniko, akamchukua. Majibu bado.

Mwenzangu amenuna. Nimempigia mara mbili kumuuliza kama ana homa au kikohozi, na mara zote mbili amenijibu kwa mkato kwamba kuku wake wazima. Nitampigia tena kesho, na keshokutwa, mpaka zitimie siku kumi.