Bango la Sendofu Lililogeuka Tanzia

Najua mmeshaiona stetasi ya yule rafiki yangu, ile video ya kilio kwenye sendofu ya dada. Video kaianzia katikati kwa makusudi, kwa hiyo nisikilizeni na mimi, halafu mcheke vizuri.

Bango la sendofu ya dada nilitengeneza mimi. Si mnanijua, fundi grafiki wa ukoo. Nikamkata dada kwenye picha, nikaandika maneno kwa rangi nyeupe, nyuma nikaacha wazi kabisa ili kijana wa kuprinti aweke maua yake ya pinki. Nikalitunza kwa PNG, aina ya faili la picha. Faili likawa zito, maana PNG haitupi hata pikseli moja, vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Kijana akalalamika: "Broo, nitumie JPEG, bando linaisha." Hiyo ni aina nyingine ya faili, nyepesi zaidi. Nikabadilisha.

Sasa, JPEG ya mwaka 1992 haina habari na uwazi. PNG iliyokuja 1996 hubeba chaneli ya alfa, inayoamua pikseli gani ionekane na ipi ijifiche. Ukiiondoa alfa, zilizojificha zinaibuka na rangi ya chini yake, na mara nyingi ni nyeusi. Galari yangu yenyewe nimeiweka giza, kwa hiyo picha zote mbili nikaziona sawasawa. (Mnaocheka, angalieni simu zenu kwanza.)

Ukumbini, vijana wawili wakapanda ngazi, wakaanza kulikunjua. Polepole. Kwanza weusi. Nikajisemea, huo upande wa nyuma. Wakashusha kidogo: TUNAKUAGA KWA UPENDO. Pembezoni mwa herufi, vile viboksi vya pikseli 8 kwa 8 ambavyo JPEG hukatia picha vimeacha ukungu kama moshi wa ubani. Wakashusha tena: dada, anatabasamu, macho kayaelekeza juu. MC akazima muziki. Mlinzi akavua kofia. Mpishi mmoja akaninong'oneza, "Poleni. Ilikuwa lini?"

Hapo ndipo Shangazi akaingia, katokea stendi moja kwa moja. Akasoma. Begi likaanguka. "Mwanangu jamaniii! Mbona mlinificha?" Kanga ikahama begani ikafungwa kiunoni. Nikamkimbilia: "Shikamoo Shangazi, si msiba, ni JPEG!"

Akazidisha kilio. Kumbe alidhani ndilo jina la ugonjwa.

Bango likageuzwa, maputo yakabandikwa, dada akaja, Shangazi akampapasa mpaka akaridhika, watu wakala. Kijana wa kuprinti anasema alijua ndiyo rangi ya kamati. Mimi nimetolewa kwenye grupu. Mchango wangu haujarudishwa.