Ami Azuru Kaburi la Beddgelert

Ami yangu, mzee wa Pangani mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba sita na maoni yasiyo na idadi, alipokuja kututembelea Uingereza alitaka kuonyeshwa milima. Nikampeleka Beddgelert, kijiji cha nyumba za mawe ya kijivu kaskazini mwa Wales, pale mito ya Glaslyn na Colwyn inapokutana chini ya milima ya Eryri. Kibao kilituelekeza kaburini, tukafuata mto kupitia malisho ya kondoo. Tukiwa katikati ya njia, Ami akakumbuka kwamba ameacha miwani garini, na katika ukoo wetu wa kutumwa ni mimi.

Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya uzio wa kaburi, kanzu ikichungulia chini ya koti la mvua, viganja amevifungua kifuani, midomo ikienda mbio. Nyuma yake kundi la watalii wazee lilikuwa limevua kofia na kuinamisha vichwa, na bibi mmoja alikuwa akimnyang'anya mjukuu wake pakiti ya krispi. Kando ya kaburi, chini ya mti, vibao viwili vya mawe, kimoja kwa Kiwelshi na kingine kwa Kiingereza, vilieleza kila kitu waziwazi kwa yeyote aliyevaa miwani.

"Amina," akasema Ami, akajipangusa uso. Nusu ya kundi ikaitikia.

"Ami," nikamnong'oneza, "unamsomea nani Fatiha?"

"Huyu sharifu. Kaburi lina uzio, lina mti, watu wanatoka mbali kulizuru. Ulitaka nimsomee nani?"

"Ami, wanasema humo amezikwa mbwa."

Alinyoosha mkono apewe miwani. Akasoma, kwa sauti iliyozidi kupungua, jinsi mtawala wa zamani, Llywelyn, alivyorudi kutoka mawindoni, akamkuta mbwa wake Gelert ametapakaa damu na mtoto haonekani, akamchoma upanga, kisha akamkuta mtoto mzima kando ya mzoga wa mbwa mwitu.

"Uongo huu," akasema. "Kisa hiki alinisimulia Mhindi mmoja mwenye duka. Kwake kilikuwa cha nguchiro na nyoka."

Hapo Ami alisema kweli, kwa kuwa kisa hicho husimuliwa katika nchi nyingi. Llywelyn Mkuu aliishi kweli na alifariki mwaka 1240, lakini inaaminika kwamba aliyempa mbwa kaburi ni David Prichard, mwenye hoteli ya Royal Goat, zaidi ya miaka 500 baadaye, ili wageni wapate cha kutazama na sababu ya kulala. Jina la kijiji lenyewe huenda lilitokana na mtakatifu wa kale aliyeitwa Celert. Nilimweleza yote hayo nikidhani namfariji.

"Kwa hiyo mbwa hayumo, na mtakatifu yupo," akasema kwa sauti ya hakimu. "Basi dua imefika. Na vyumba vya huyo Prichard, vilijaa?"

Jioni nilimsikia akizungumza na mkewe kwa simu. Alimwambia kwamba tumezuru kaburi la mtu mwema sana wa Wales, wala mbwa hakutajwa. Kisha akateremsha sauti na kumwagiza aulizie, kimyakimya, fundi wa mawe aliye bora pale Pangani.