Moka Yangu na Beseni la Dagaa

Kwa kuwa mshenga wangu amekwisha kuwatangazia nyote kwamba nilimpiga mama wa watu kwa kiatu ndani ya pantoni, naomba nijitetee: kiatu hakikumgusa mtu, kiliingia kwenye beseni.

Mimi ni mvivu wa kufunga kamba za viatu, na ndiyo maana ninapenda moka. Hizi nilizinunua kwenye mitumba ya Karume, namba 44 kwa mguu wa 42, kwa sababu zilikuwa na ule mkanda wenye upenyo juu, mtindo ulioanza kutengenezwa na kampuni ya G.H. Bass ya Marekani mwaka 1936 kwa kuiga viatu vya Norwei, na ambao wanafunzi wa huko walikuwa wakiupachika sarafu ya senti moja. Nami nikapachika shilingi 50 kila upande, nikazing'arisha kwa majivu. Mnaocheka endeleeni, zilipendeza.

Geti la Magogoni lilipofunguliwa tukakimbia kama ilivyo ada, na mlangoni mwa pantoni nikaruka dimbwi. Mguu ulitua, kiatu hakikutua. Kilipanda taratibu juu ya vichwa vya watu, kikajigeuza hata nikaiona sarafu ikimeremeta na gazeti nililolisokomeza ndani ili kinienee likichungulia nje, kisha kikashuka chubwi katika beseni la dagaa wabichi lililokuwa kichwani mwa mama mmoja. Mama yule alisimama wima, wala hakugeuka.

"Nani kanitupia nini?"

Abiria wote wakaanza kukaguana miguu. Soksi yangu ilikuwa imetoboka, na dole gumba lilikuwa limetoka lote kusalimia umma.

"Shikamoo mama. Samahani, ni changu."

"Marahaba. Mwanangu, unakwenda wapi na ngalawa hii?"

"Kujitambulisha ukweni."

Alikikung'uta, dagaa wakadondoka, akaichomoa ile sarafu na kuitia kwenye pindo la kanga yake kabla ya kunirudishia kilichobaki.

Kigamboni tulivua viatu mlangoni, utambulisho ukaenda vizuri, hadi paka wa nyumba ile alipokatiza sebuleni akiburuta moka ya kulia. Nimekubaliwa. Nilirudi mjini na kandambili za baba mkwe, na mshenga sasa anaeneza kwamba ndizo mahari niliyolipwa mimi. Huo nao ni uongo. Nimeazimwa tu, na Jumapili ninazirudisha.