Safari ya Bahasha Tano

Mtaani kwetu Ngamiani, ikitokea harusi, msiba au mchango wa choo cha madrasa, daftari nashika mimi. Si kwa elimu. Ni kwa sababu mkono wangu haukubali kutoa hata mia bila kuandika imekwenda wapi. Kwa hiyo binti wa mama mdogo alipoposwa Mombasa, na ukoo ukaamua mimi na mpwa wangu ndio tukaiwakilishe Tanga, nilijua safari hii itapangwa ikapangika.

Nilipiga hesabu siku tatu. Malazi bure, tutalala kwa ndugu Kisauni. Nikaandika mahamri na mbaazi za asubuhi, kahawa kikombe kimoja jioni, matatu, maji, vocha, kivuko cha Likoni watu wawili kwenda na kurudi. Nikaandika kiingilio cha Fort Jesus, maana huwezi kurudi Tanga ukaulizwa kama umeiona ngome ukabaki kujiumauma. Mwisho nikaandika "dharura", nikaipigia mstari mara mbili. Ikatoka shilingi elfu tatu kwa siku, siku tano. Nikanunua bahasha tano za kaki, nikaziandika majina, Alhamisi hadi Jumatatu.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, kakaa juu ya bodaboda yake, "elfu tatu kwa siku watu wawili? Si hata chipsi mayai!"

"Za Kenya, bwana. Moja yao ni ishirini zetu."

Akafikiri. "Sasa mbona wote tunaziita shilingi?"

Huyu ndiye niliyepewa kusafiri naye.

Shangazi yetu wa Chumbageni aliposikia naulizia hela za Kenya, akaniita ndani, akafungua sanduku, akatoa kipande cha kanga kilichopigwa mafundo matatu. Ndani mna noti kumi na tano za elfu moja na moja ya mia mbili, zote zina sura ya Mzee Jomo Kenyatta, zinanukia udi. Alibaki nazo mwaka 2018 alipokwenda kumuuguza dada yake.

"Zimelala humu siku nyingi, mwanangu. Nipe laki mbili tu, wewe si mtu wa nje."

Noti za laki tatu na ushee, kwa laki mbili! Nilijiuliza kidogo kama si dhambi, nikaona ni radhi ya wazee, nikalipa upesi kabla hajapiga hesabu. Mke wangu akasema nikabadilishe Horohoro kama watu wengine. Nikampa mhadhara mrefu kuhusu watu wanaongoja mpakani ndipo wakumbuke kwamba wanasafiri.

Kutoka mjini hadi Horohoro ni kama kilomita 65, na njia nzima nilikuwa nimeshika mkoba wa bahasha mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Tukagongewa mihuri kwenye pasi. Nje wale vijana wa kubadilisha fedha wakatuvamia, vibunda mkononi. "Chenji, mzee, chenji!" Nikawaambia mimi nimejipanga toka nyumbani. Mpwa wangu akavua kiatu, akatoa laki moja kwenye soksi, akapewa elfu tano kasoro mia.

"Umetupa mia ya Kenya," nikamwambia, "elfu mbili zetu hizo. Na ukiishiwa huko mbele usinijie. Asiyepanga asinikope."

Nilisema kwa sauti, ili na wale vijana wasikie.

Ndani ya matatu ya Likoni, konda, ambaye wao humwita makanga, akaja kudai nauli. Nikafungua bahasha ya Alhamisi taratibu, nikachomoa noti moja kwa ncha za vidole. Akaipokea. Akaitazama. Akaiinua juani. Kisha akamwonyesha dereva, na dereva akacheka akiwa bado anaendesha, jambo ambalo silipendi.

"Mzee, hii ilikufa."

"Imekufa vipi, na haina hata kikunjo?"

"Elfu ya zamani ilikoma mwezi wa tisa 2019. Saa hizi ni zile za jengo."

Mama mmoja mwenye kapu la maembe akanihurumia, akanieleza. Katiba yao ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye hela. Noti mpya zilipotoka 2019 zikawekwa lile jumba la mikutano la Nairobi, KICC. Mzee mwenyewe bado yumo, ila sasa ni sanamu, kakaa kando ya jengo. Watu walipewa hadi tarehe 30 Septemba kurudisha elfu za zamani. Nikapiga hesabu haraka. Wakati huo noti zangu zilikuwa Chumbageni, zinafukizwa udi.

Nikatoa ile ya mia mbili. Makanga akaitia mfukoni bila kuitazama mara mbili.

"Na huyu si Mzee yule yule?"

"Huyu yuko hai. Iliyokufa ni elfu peke yake."

Matatu nzima ikaangua kicheko. Mpwa wangu hakucheka. Aliongezea nauli iliyopungua, akaangalia nje dirishani, akaanza kupiga mluzi. Afadhali angecheka.

Likoni nikagundua kwamba kivuko hakimtozi mtu wa miguu hata senti. Nilikipangia fedha nikidhani ni kama Kigamboni. Kwa hiyo katika bajeti yangu yote, kifungu kimoja tu ndicho kilichobaki na ziada, nacho ziada yake ilikuwa noti zilizokufa.

Ijumaa nilikwenda benki, nikijipa moyo kwamba benki haiwezi kuikana noti ya serikali yake. Binti wa dirishani alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya marehemu, akanirudishia. "Pole, baba." Kumpigia mke wangu anitumie chochote sikuthubutu. Ule mhadhara ulikuwa bado wa moto.

Kuanzia hapo mpwa wangu akazichukua bahasha. Bahasha zangu! Kila asubuhi anagonga mlango: "Mjomba, Jumamosi yako hii hapa." Ndani mna mia mbili. Jioni anataka hesabu.

"Kahawa vikombe vitatu? Daftari linasema kimoja."

"Nilikuwa na wazee, bwana."

"Wazee hawamo kwenye daftari, mjomba."

Fort Jesus niliiona kwa nje. Ni kubwa. Wareno walianza kuijenga 1593, na naona tangu siku hiyo hawakutaka kumwona mtu asiye na kiingilio.

Yote hayo ningeyameza, lau si usiku wa tarabu. Mwimbaji mama wa makamo, sauti ya asali, watu wanainuka kumtuza mmoja mmoja kwa madaha. Mara mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Na ndugu zetu kutoka Tanga wako wapi?" Ukumbi mzima ukageuka. Tanga, mji uliotoa vikundi vya tarabu vya Black Star na Lucky Star, imekaa kitini na shilingi hamsini kwenye bahasha! Nilimtazama mpwa wangu. Akatazama dari.

Nikainuka. Taa zilikuwa hafifu, na mfukoni mwa koti nilikuwa na wale kumi na tano. Nikaenda kwa mwendo wa mtu mwenye nyumba mbili, nikamwekea elfu moja kiganjani. Akaipapasa tu kwa kidole gumba, wala hakuangalia chini. Wala hakukatiza wimbo. Aliupinda tu, palepale, kwa mahadhi yale yale:

"Mgeni wetu wa Tanga, katuletea hayati..."

Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia kwenye harusi yangu mwenyewe. Hadi Jumatatu, watoto wa Kisauni walikuwa wakiniamkia, "Shikamoo, hayati."

Tuliporudi Tanga nilikwenda moja kwa moja Chumbageni, nikamwekea shangazi noti kumi na nne mbele yake, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kanga yake vizuri.

"Lakini mwanangu, si nilikwambia zimelala siku nyingi?"

"Uliniambia, shangazi."

"Ukaniuliza kama ziliamka?"

Nikamuuliza laki mbili yangu iko wapi. Akapigapiga kitanda nilichokuwa nimekalia. Godoro jipya, bado lina nailoni pembeni. Akaniambia nijinyooshe kidogo, nimechoka na safari. Nikajinyoosha. Kusema kweli ni godoro zuri.